Sangara wa Mara hasubiri bamvua, anasubiri upepo

WAVUVI wa Pangani, kule Tanga, wana ratiba kama ya Ligi Kuu. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bamvua yanaingia mtoni kwa nguvu na samaki wanayafuata mpaka kwenye vijito vya mikoko. Mwenye ndoano anajua saa ya kuwahi na saa ya kurudi nyumbani kulala.

Mlete mvuvi huyo Musoma, umkalishe mwaloni Mwigobero asubiri maji yapande. Atasubiri mpaka giza liingie. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho. Ila maji yake hayajatulia hata kidogo, na anayemtaka sangara kwa fimbo na mshipi lazima ajue nani anayasukuma. Wako wawili: upepo na mito.

UPEPO UNAPOGEUKA

Usiku mpaka alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana, jua likishapasha ardhi, unageuka na kupiga kutoka ziwani kuja ufukweni. Hiyo ndiyo bamvua ya watu wa Mara. Upepo ukipiga upande mmoja kwa saa kadhaa, unasukuma maji ya juu pamoja na vijidudu vyake. Dagaa na furu wanafuata chakula, sangara anawafuata wao.

Mgeni hukimbilia upande uliotulia kwa sababu mtumbwi hauyumbi. Kosa. Mahali pa kutafuta ni kwenye ncha za miamba, kama zile za kisiwa cha Lukuba, pale maji yanayokwenda kasi yanapokutana na yaliyopoa.

Maana sangara ni straika wa kizamani, hakimbii uwanja mzima. Anajibanza nyuma ya jiwe akitazama maji yanakotoka, anangoja pasi. Chambo, kiwe furu hai au cha bandia, kirushwe juu ya jiwe kisha kiachwe kishuke na maji, kimpite puani. Kikimjia kutoka mgongoni, hata yeye anajua hiyo si pasi ya kawaida. Macho yake yanaona vizuri kwenye mwanga hafifu, kwa hiyo alfajiri na magharibi ndizo saa zake. Saa saba mchana, jua la utosi, ni saa ya kula ugali.

Na tusisahau kwamba huyu ni mchezaji wa kigeni. Alisajiliwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akawapiga benchi furu wa aina nyingi, wengine moja kwa moja.

KIRUMI NA MITO YA BUNDA

Upande wa Butiama, kwenye daraja la Kirumi linalokwenda Rorya, Mto Mara unajitanua kuelekea ghuba. Bunda nayo ina Rubana na Grumeti, inayomwaga maji Ghuba ya Speke. Mvua zikinyesha juu, maji ya tope yanashuka na kukutana na maji safi ya ziwa, na unauona mstari kabisa, rangi mbili. Uvue kwenye mstari huo, kwa upande wa maji safi.

Ndani kwenye mafunjo usihangaike. Huko oksijeni ni chache. Kamongo na kambale wanaweza kuvuta hewa ya juu, sangara hawezi. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi kuwa meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya serikali ilitaja upungufu wa oksijeni, na maelezo yake kuhusu kinyesi cha mifugo yakazua ubishi nchi nzima. Maji yakinuka, ondoka.

Tena uvue ukiwa ndani ya boti. Kirumi kuna mamba na viboko, na hao hawana kadi ya njano.

KUMALIZA MECHI

Rekodi ya dunia ya sangara kwa fimbo ni kilo 104, Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Si lazima ufike huko ili uadhirike. Hata wa kilo 15 anaruka juu, anatikisa kichwa, na mshipi ukilegea sekunde moja ndoano imetoka. Mifuniko ya mashavu yake inakata kama wembe, hivyo kipande cha mwisho karibu na ndoano kiwe mshipi mnene. Wengi wanampotezea ubavuni mwa boti, mkono umeshanyooshwa. Mashabiki wa Biashara United wanayajua maumivu hayo: Oktoba 2021 waliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, timu ikashindwa kusafiri kwenda Libya, safari ya Kombe la Shirikisho ikafa hapo.

Kuna anayepaswa kuachiwa kwa makusudi. Sheria inakataza sangara wa chini ya sentimita 50, na bado wanaonekana sokoni wamepangwa kama dagaa. Yule jike mkubwa naye anabeba mayai kwa mamilioni, ila bondo lake lina bei, na hapo ndipo huruma inapokwisha. Anayevua kwa ndoano ana nafasi ambayo mwenye kokoro hana, kwani samaki wake yuko mmoja, yuko hai, anaweza kupimwa na kurudishwa.

Lakini avuliwe maji mafupi. Akivutwa haraka kutoka kina kirefu bondo linavimba, na hata ukimwachia anabaki anaelea tumbo juu, chakula cha ndege. Lowesha mikono kwanza, ng'oa ndoano angali majini, mshike kichwa kikielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe.