Idara ya Jiografia ya Chuo Kikuu cha Chicago

Idara ya Jiografia ya Chuo Kikuu cha Chicago ilikuwa idara ya chuo kikuu kilichopo mjini Chicago, katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Ilianzishwa mwaka 1903 na huhesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo kufundisha jiografia hadi shahada ya uzamivu. Ilipoteza hadhi ya idara mwaka 1986. Inakumbukwa hasa kwa utafiti wake kuhusu mafuriko na matumizi ya maji, ambao sehemu yake ilifanyika Afrika Mashariki.

Historia

Mkuu wa kwanza wa idara alikuwa Rollin D. Salisbury, mwanajiolojia. Wakati huo jiografia ya vyuo vikuu vya Marekani ilikuwa karibu sana na jiolojia, ikishughulikia zaidi sura ya nchi: milima, mabonde, mito na kazi ya barafuto. Harlan Barrows, aliyeongoza idara kuanzia mwaka 1919 hadi 1942, aliielekeza upande wa binadamu. Katika hotuba yake iliyochapishwa mwaka 1923 alieleza kwamba kazi ya jiografia ni kuchunguza jinsi watu wanavyojipatanisha na mazingira yao.

Wanafunzi wawili wa idara hiyo, Chauncy Harris na Edward Ullman, walitoa mwaka 1945 maelezo mapya kuhusu miji. Walionyesha kwamba mji mkubwa hukua kuzunguka vitovu kadhaa, kama vile bandari, viwanda na masoko, wala si kitovu kimoja tu.

Utafiti wa mafuriko

Gilbert F. White alipata shahada ya uzamivu mwaka 1942 kwa tasnifu kuhusu mafuriko. Siku hizo serikali ya Marekani ilitegemea zaidi mabwawa na matuta ya kuzuia maji. White alisema kwamba mvua huleta maji, lakini hasara kubwa hutokana na watu kujenga katika nyanda ambazo mto hufurika. Alishauri njia nyingine zitumike pia: kupanga matumizi ya ardhi, kutoa tahadhari mapema na kuweka bima.

Mwaka 1956 alirudi Chicago kufundisha. Utafiti uliotolewa na yeye na wenzake mwaka 1958 ulionyesha kwamba ujenzi katika nyanda hizo uliendelea hata baada ya fedha nyingi kutumika kuzuia maji. Watu wakijiona salama nyuma ya tuta, hujenga zaidi. Tuta likipasuka, hasara huwa kubwa kuliko zamani.

Afrika Mashariki

Robert Kates, mwanafunzi wa White, alifanya kazi katika kiwanda cha chuma kabla ya kusoma jiografia. Miaka ya 1967 na 1968 aliongoza ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi katika chuo kikuu cha Dar es Salaam.

Wakati huohuo White, mkewe Anne White na daktari David Bradley walichunguza matumizi ya maji nyumbani katika sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania. Walipima kiasi ambacho kila kaya ilitumia, umbali wa kisima au mto, na uzito wa kazi ya kuteka maji, ambayo mara nyingi iliwaangukia wanawake na watoto. Kitabu chao kilitoka mwaka 1972. Kilionyesha kwamba usafi wa maji peke yake hautoshi: kaya yenye maji machache haiwezi kunawa wala kufua vya kutosha, na hivyo hupata magonjwa ya ngozi na macho. Bradley aliyapanga magonjwa kufuatana na jinsi yanavyohusiana na maji, kama vile kipindupindu, kichocho na malaria. Mpango huo unatumika hadi leo, na watafiti wengine walirudia uchunguzi katika sehemu zilezile miaka 30 hivi baadaye.

Mwisho wa idara

Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa kimeacha kufundisha jiografia kama somo la pekee mwaka 1948, na katika miaka ya 1980 vyuo vingine vya Marekani vilifunga idara zao. Mwaka 1986 idara ya Chicago iligeuzwa kuwa kamati ndogo, ikaacha kuandaa wanafunzi wa uzamivu. Hata hivyo, wahitimu wake walikuwa wameshaeneza mafundisho yake katika vyuo vikuu vingi.