Beseni na Mfuko wa Sadaka

Katika makanisa ya Waadventista Wasabato, dhehebu lililotia mizizi katika vilima vya Gusii tangu wamisionari wake walipofungua kituo Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii nchini Kenya, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, hufanywa ibada moja, aghalabu mara moja katika kila robo ya mwaka, ambayo mgeni akiishuhudia kwa mara ya kwanza hustaajabu. Kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, waumini hujitenga, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, wakaletewa mabeseni ya maji na taulo, kisha kila mmoja akapiga magoti akamwosha mwenziwe miguu. Wenyewe huiita huduma ya unyenyekevu. Na huko Marani, katika vilima hivyo hivyo, ambako njia za mteremko ni za udongo mwekundu na mvua haina uchoyo, mzee wa kanisa mwenye shamba lake la chai aweza kujikuta ameinama mbele ya kibarua aliyemchumia majani juma zima, akimsugua tope la kisigino bila neno.

Asili ya jambo hili ni usiku wa mwisho wa Yesu pamoja na wanafunzi wake, alipojifunga kitambaa kiunoni akawaosha miguu, na Petro akakataa kwa kuona haya, maana haikuwa ada bwana kumtumikia mtumwa. Ukristo, basi, haukuufanya unyenyekevu kuwa sauti ya chini wala uso wa huzuni. Uliufanya tendo la mwenye mamlaka kujiweka chini ya asiye nayo. Lakini kila tendo la ibada laweza kuigwa kwa ria, na mwigaji akiwa hodari, mtazamaji hatambui upesi.

Hayo yalidhihirika Novemba 2014, pale televisheni ya KTN ya Nairobi ilipoonyesha jinsi mhubiri Victor Kanyari alivyokuwa akiwaosha watu miguu, na maji ya beseni yakageuka mekundu mfano wa damu, waumini wakiamini kwamba ni laana inayowatoka. Ilikuwa ni pamanganeti ya potasiamu, kemikali ya bei ndogo inayoyatia maji rangi mara inapoyagusa. Beseni lilikuwa lile lile, na kuinama kule kule, ila aliyeinama alikuwa anatafuta mfuko wa aliyeketi. Mwenye kutaka maombi alitakiwa apande “mbegu”, yaani sadaka, ya shilingi 310, nazo zilitumwa kwa simu, kwa njia hii ya M-Pesa ambayo tangu 2007 imemfikia hata mama wa kijijini asiyejua mlango wa benki. Tuizingatie hila hii kwa makini. Kiasi chenyewe ni kidogo, hata aliyelaghaiwa huona haya kushtaki. Faida imo katika wingi wa wagonjwa, wasio na kazi na waliokosa watoto. Na muujiza usipotokea, lawama humwangukia yule yule aliyetoa, akaambiwa imani yake ilikuwa haba, basi aongeze mbegu. Biashara gani nyingine duniani ambayo mnunuzi asiyepata bidhaa ndiye hutakiwa kuomba msamaha na kulipa mara ya pili?

Maovu haya si mageni. Katika Biblia, Gehazi alimfuata kwa siri Naamani aliyeponywa ukoma, akachukua fedha na mavazi ambayo bwana wake, nabii Elisha, alikuwa amekwisha kuyakataa, akarithi ukoma huo. Na Simoni wa Samaria alitaka kuinunua kwa fedha karama ya mitume, naye Petro akamkemea vikali.

Lau hasara ingekuwa ya fedha tu, tungeweza kuvumilia. Oktoba 2021, huko huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Sisemi kwamba mhubiri yeyote aliwatuma wauaji. Nasema kwamba mtu anayesimama mimbarani akadai ameonyeshwa jirani aliyefunga riziki ya mwenziwe, kisha akapokea sadaka ya kuvunja vifungo, anacheza na moto penye makuti. Na Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, yakaanza kufukuliwa makaburi ya wafuasi wa Paul Mackenzie, waliosemekana kufunga chakula hadi kufa ili wamwone Yesu. Miili ilipita mia nne. Mackenzie amekana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Lakini waliozikwa mle walikuwa wamefika mahali ambapo kumwuliza kiongozi wa dini swali kulihesabiwa kuwa ni kumwasi Mungu.

Baada ya Shakahola, serikali iliunda jopo la kupitia sheria za mashirika ya dini chini ya Kasisi Mutava Musyimi, nalo likatoa ripoti Julai 2024. Sheria yahitajika, ila sheria haimpi mtu moyo mnyenyekevu. Mimi natumaini zaidi taratibu za ndani ya makanisa yenyewe. Kwa Wasabato, zaka haibaki mkononi mwa mchungaji. Hupelekwa konferensi, yaani ofisi ya dhehebu ya eneo, naye mchungaji hulipwa mshahara uliokwisha kupangwa. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa humlazimu paroko kuwa na baraza la fedha. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika parokia ya Soweto, Kayole, pamoja na mgawo wa kwaya. Kurudisha fedha nchi nzima ikitazama ni kazi ngumu kuliko kuosha miguu, nami nakuhesabu kuwa ni unyenyekevu wa kweli, kwa kuwa kanisa lilikubali kubaki na upungufu kuliko kubaki na deni kwa mkubwa.

Basi wewe msomaji, uwe wa Marani au wa Mombasa, Sabato ijayo au Jumapili ijayo uliza bila woga: sadaka yetu huhesabiwa na watu wangapi, stakabadhi iko wapi, na mtumishi huyu akikosea humjibu nani? Mchungaji mwaminifu atakufungulia daftari. Atakayekutishia laana kwa swali hilo, usimpe hata shilingi moja.