Biro zinafunga, siku zinaendelea kuhesabiwa

Mwaka ukianza tu, siku za ferie zinafuatana: tarehe 1 Januari, tarehe 4 ya mashujaa wa uhuru, tarehe 16 ya Mzee Laurent-Désiré Kabila, tarehe 17 ya Patrice Lumumba, mwenye aliuawa huku kwetu Katanga mwaka wa 1961. Siku hizo tribinali, parke na inspeksio ya kazi zinafunga. Kwenye mine, ekipe za muchana na za usiku zinaendelea kuingia.

Sisi ba sendika tunaheshimu siku hizo, na ni siku za kulipwa. Matata iko pengine: tunapokea wandugu wenye walikuta mulango umefungwa wakati siku zao za kudai zilikuwa karibu kuisha.

Kode ya Kazi ya 2002 inasema wazi. Kudai mushahara wenye haukulipwa, uko na mwaka 1 tangu siku ulipaswa kulipwa. Kwa madai mengine mengi ya kontra, ni myaka 3. Tena tribinali ya kazi haipokee mutu mwenye hajapita kwanza kwa inspekta wa kazi ili asikilizane na patro.

Fanya hesabu. Mushahara wa Desemba ulikatwa. Ukingojea mpaka Januari yenye kufuata, unaanguka katika siku hizi hizi za milango kufungwa. Kwa mwenye kutoka Fungurume kwenda Kolwezi, ni pesa ya motokari pia imepotea. Njo maana tunasema: nenda mapema, Oktoba ao Novemba. Beba kontra, fishi ya mushahara na karatasi ya masaa. Barua yako ipigwe muhuri na tarehe, ubakie na kopi.

Ba mama, jambo hili ni lenu pia. Bwana ao mutoto akikamatwa, munaambiwa: "Mungojee, ni ferie." Katiba, kifungu cha 18, inasema polisi haiwezi kumuzuia mutu kupita masaa 48, kisha aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Haisemi kama siku ya ferie haihesabiwe. Andikeni saa alikamatwa, na muite delege siku ileile, hata kama ni Noeli.

Siku zingine za kutia alama kwenye kalandrie mbele ya kupanga safari: 6 Aprili, 1 Mei, 17 Mei, 30 Juni, 1 Agosti na 25 Desemba.