Kosa la Tafsiri na Dharura katika Kurasa za Java

Neno "kosa" limetwishwa mzigo mkubwa mno katika kazi za kompyuta. Ukurasa ukikataa kufunguka kwa sababu yoyote ile, karani huambiwa kuna "kosa", naye asijue kama yafaa ajaribu tena au amwite fundi.

Huko Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza kando ya barabara iendayo Musoma, wakazi walianza kuandikishwa kwa ajili ya utafiti wa afya mwaka 1994. Tuseme karani mwenye kutunza orodha kama hiyo anatumia ukurasa wa JSP, aina iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1999. Ukurasa huo huchanganya matini ya kawaida na maagizo ya lugha ya Java. Kwa kawaida, unapofunguliwa mara ya kwanza, seva huugeuza kuwa programu ya Java, kisha programu hiyo hufasiriwa yote kwa lugha ya chini iwezayo kutekelezwa na mashine pepe ya Java. Chombo kifanyacho kazi hii twapendekeza kiitwe "kifasiri". Kusema "kukusanya" hupotosha, maana hakuna kinachokusanywa.

Nukta-mkato ikisahauliwa, kifasiri hukataa. Hilo ndilo kosa la tafsiri. Karani akijaribu mara mia halitaondoka. Hata ukurasa wa kuelezea makosa uliotajwa ndani ya ukurasa huo hautamfaa, kwa kuwa ukurasa wenyewe haujazaliwa. Fundi naye ajihadhari: nambari ya mstari anayoonyeshwa yaweza kuwa ya programu iliyotungwa na seva, wala si ya ukurasa alioandika yeye.

Jambo la pili ni jingine kabisa. Tafsiri imekamilika, ukurasa unafanya kazi, mara hifadhidata haipatikani. Neno "kighairi" la wanasarufi halimwelezi karani kitu, "dharura" lamweleza. Programu hurusha dharura, na sehemu nyingine huidaka. Vitenzi hivi vya uwanja wa mpira vinafaa sana.

Hatari iko katika kudaka na kunyamaza. Dharura ikidakwa bila kuandikwa katika kumbukumbu wala kutangazwa, ukurasa waweza kuonyesha "Imehifadhiwa" ilhali jina la mgonjwa halimo orodhani. Basi mwenye kutafsiri matangazo ya dharura kama hiyo aandike: "Taarifa hazikuhifadhiwa. Jaribu tena baada ya muda mfupi." Na kwa kosa la tafsiri: "Ukurasa huu una kasoro. Mwite fundi."