Rekodi za Katiba Isiyo na Haraka

Miongoni mwa katiba za mataifa zilizoandikwa katika waraka mmoja, ya Marekani ndiyo kongwe kuliko zote zinazotumika hadi leo. Iliandikwa Philadelphia mwaka 1787, kwa maneno kama 4,500 tu. Mkutano wa kuiandika ulihudhuriwa na wajumbe 55, mkubwa wao Benjamin Franklin, miaka 81, na mdogo wao Jonathan Dayton, miaka 26. Waliotia saini ni 39.

Jimbo la Delaware liliwahi kuliko yote kuiridhia, Desemba 1787, bila kura hata moja ya kupinga. Rhode Island, ambayo haikutuma mjumbe yeyote, ilijikokota hadi Mei 1790 na kuipitisha kwa kura 34 dhidi ya 32. Kufikia hapo Rais George Washington alikuwa ameshatawala zaidi ya mwaka.

Waasisi waliogopa mabadiliko ya pupa, wakaifanya katiba iwe ngumu kuguswa: theluthi mbili ya kila baraza la Bunge, kisha robo tatu ya majimbo. Ndiyo maana imerekebishwa mara 27 tu. Rekebisho lililokwenda mbio kuliko yote ni la 26, la mwaka 1971, lililoshusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 21 hadi 18. Lilichukua siku kama 100, kwa sababu vijana wa umri huo walikuwa wakipelekwa kupigana Vietnam bila sauti katika uchaguzi.

Lililochelewa kuliko yote ndilo ninalolipenda zaidi. Mwaka 1789 James Madison alipendekeza kwamba wabunge wakibadilisha mshahara wao, mabadiliko yasianze mpaka uchaguzi upite. Majimbo yaliyoliridhia pendekezo hilo hayakutosha, likasahaulika. Mwaka 1982 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Texas aliandika insha akidai pendekezo hilo bado li hai, kwa kuwa halikuwekewa kikomo cha muda. Mwalimu akampa alama ya C. Kijana akaanza kuyaandikia mabunge ya majimbo barua, moja baada ya nyingine, na mwaka 1992 likawa rekebisho la 27, miaka 202 tangu lilipopendekezwa. Raia wa kawaida aliizindua katiba iliyolala, tena kwa stempu za posta!

Lakini mfumo unaochelewesha mabaya huchelewesha na mema. Mwishoni mwa 1855 Baraza la Wawakilishi, likiwa limegawanyika juu ya utumwa, lilipiga kura raundi 133 kwa miezi miwili ndipo likampata Spika, Nathaniel Banks. Mwaka 1957 Seneta Strom Thurmond alihutubia saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za raia weusi. Muswada ulipita hata hivyo. Rekodi yake ilidumu hadi 2025, ilipovunjwa na Cory Booker, seneta mweusi wa New Jersey, aliyesimama saa 25 na dakika 5. Nilifurahi kwamba ni yeye.

Na kifungu kigumu kuliko vyote? California, yenye watu zaidi ya milioni 39, ina maseneta wawili. Wyoming, isiyofikisha 600,000, nayo ina wawili. Ibara ya 5 inasema hakuna jimbo litakalonyang'anywa usawa huo katika Seneti bila ridhaa yake lenyewe.