Eriksen aliokolewa, mchezaji wa ndondo Newala je?

Uliyekuwa kibanda umiza Masasi au Newala Juni 12, 2021 hujasahau Christian Eriksen wa Denmark alivyodondoka bila kuguswa. Mashine ya kushtua moyo ilimrudisha.

Sasa ipo tiba mpya ya mapigo ya moyo yaliyovurugika. Waya mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, kisha umeme wa kufumba na kufumbua unaua chembe korofi bila kuunguza njia ya chakula iliyo jirani, kama joto lilivyoweza. Marekani iliiruhusu Desemba 2023, ila kwa vyumba vya juu vya moyo. Vya chini, panapoanzia vifo vingi vya ghafla, bado inajaribiwa.

Huku ndondo nyingi zinapigwa bila hata machela, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar. Waandaaji, mchezaji akidondoka na hapumui, acheni kummwagia maji. Mkandamizeni katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka haraka, huku gari likitafutwa.