Mafunzo ya Uzazi Yaanze kwa Kumuuliza Mjamzito

Katika kliniki nyingi za wajawazito Tanzania, somo la asubuhi hutolewa kwa mkupuo. Muuguzi husimama mbele ya mabenchi na kuwahimiza kina mama wameze vidonge vya kuongeza damu, walale ndani ya chandarua na wajifungulie kituoni. Maneno hayo hayana kosa. Lakini mwenye mimba ya kwanza, wa umri wa miaka 19, na jirani yake mwenye mimba ya tano na kovu la upasuaji huondoka na somo lile lile. Hapo kila mmoja amepewa tangazo. Mafunzo bado hajapata.

Ushahidi wa kisayansi kuhusu madarasa ya jumla ni hafifu. Mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za afya, yalikusanya majaribio 9 yenye wanawake 2,284, na hayakuweza kusema kwa uhakika madarasa hayo yanaleta faida gani. Linganisha na wilaya ya Makwanpur, Nepal. Huko vikundi vya wanawake vilikutana kila mwezi, wakataja wenyewe matatizo yao ya uzazi, kisha wakachagua la kufanya: hapa mfuko wa fedha za dharura, pale machela ya kumbebea mgonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga 26.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai katika maeneo yenye vikundi, dhidi ya 36.9 kwingineko.

Zanzibar inatufundisha zaidi, kwa sababu mafanikio yake yalikuwa nusu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha vituo 24 na wanawake 2,550, wajawazito wa upande mmoja walitumiwa ujumbe wa simu kulingana na umri wa mimba, wakapewa na vocha ya kumpigia mhudumu wa afya. Waliozalishwa na mtaalamu walifika asilimia 60, wakati upande wa pili walikuwa 47. Ila faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Kwa wa shamba haikuonekana. Kwa maoni yangu, ujumbe uliijua wiki ya mimba bila kumjua mwenye mimba. Wa shamba alihitaji pia kujua nani ana gari usiku wa manane, nauli imewekwa wapi, nani atabaki na watoto, na kama mumewe, ambaye huenda ndiye mwenye kauli ya mwisho, anazijua dalili za hatari.

Wapo watakaosema kumfundisha mtu kwa hali yake nako hakujathibitika, na wana hoja. Katika mapitio yale yale ya Cochrane, mafunzo ya mtu mmoja mmoja kwa waliowahi kupasuliwa hayakuongeza idadi ya waliozaa kwa njia ya kawaida. Lakini njia ya kuzaa huamuliwa pia na kovu, daktari na utayari wa chumba cha upasuaji. Huwezi kumpima mwanafunzi kwa mtihani unaojibiwa na mwingine. Mafunzo yapimwe kwa yaliyo mikononi mwake: kuitambua dalili na kuondoka nyumbani mapema.

Pingamizi zito zaidi ni muda. Utafiti wa Mtwara Mjini, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta unasihi ukichukua kama dakika 1.5 kwa mjamzito, ilhali mwongozo mpya wa wakati huo wa huduma za wajawazito ulidai zaidi ya 15. Wauguzi hawaongezeki kwa hotuba. Kwa hiyo mambo ya jumla yabaki kwenye kikundi, ikiwezekana cha wenye mimba za umri mmoja, na dakika chache za faragha zitumike kwa kile ambacho kadi ya kliniki tayari inakisema: mimba ya ngapi, upasuaji uliopita, mimba zilizoharibika. Mwenye kovu aambiwe asingoje uchungu ukolee nyumbani, na ajifungulie penye chumba cha upasuaji. Aliyewahi kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aandae mapema watu wa kumchangia damu. Mwenye mimba ya kwanza ajue kwamba kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe na kuvimba uso huweza kuwa dalili za kukaribia kifafa cha mimba, si uchovu tu.

Nawe unayekwenda kliniki wiki hii, nenda na mwenzako mkiweza, na msiondoke kabla ya kumuuliza mkunga: kwa hali yangu mimi, nikiona nini nije mara moja, na nije kituo gani?